Bei ikishuka, utu usishuke

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila unapokaribia mwisho wa mwezi wa Novemba, simu zetu hujaa matangazo. Maduka ya mjini na wauzaji wa mitandaoni hutuhimiza tukimbilie punguzo la bei la siku waliyoipa jina la Black Friday, yaani Ijumaa Nyeusi. Kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu wa darasa la baada ya Alasiri alituonyesha tangazo la namna hiyo, akatuuliza: "Sheikh, inafaa kweli Ijumaa, siku tukufu kama hii, kuitwa nyeusi? Na mtu akinunua kitu siku hiyo, atakuwa amepata dhambi?" Kabla hatujajibu, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando ya nguzo alitutangulia. "Mwanangu," alisema, "uliza kwanza kama hiyo bei imepungua kweli." Darasa zima likacheka.

Tuliporudi nyumbani tulilitafakari jibu la mzee yule, tukaona amegusa jambo zito kuliko jina la siku. Leo tungependa kulieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu linahusu nyumba zetu, mifuko yetu na, kama tutakavyoona mbele, sikukuu zetu wenyewe.

Asili ya siku hii

Kwanza tuijue siku yenyewe ilikotoka. Huko Marekani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba ni sikukuu iitwayo Thanksgiving, maana yake ni kutoa shukrani. Familia hukusanyika, hula pamoja na kushukuru kwa neema walizopewa. Zamani sikukuu hiyo ilifanywa Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Mwaka 1939 mwezi wa Novemba ulikuwa na Alhamisi tano, na wafanyabiashara wakahofu kwamba siku za kununua bidhaa kabla ya Krismasi zingekuwa chache. Wakapeleka ombi lao serikalini, na Rais Franklin Roosevelt akaileta sikukuu wiki moja mapema. Baadhi ya majimbo yalikubali na mengine yakakataa, hata nchi moja ikawa na sikukuu mbili za kushukuru, mpaka mwaka 1941 ilipotungwa sheria ya kuiweka Alhamisi ya nne. Kwa hiyo, hata siku ya kushukuru ilisogezwa kwa ajili ya soko.

Ama jina la Ijumaa Nyeusi kwa siku inayofuata, halikutungwa kwa kuikejeli Ijumaa ya Waislamu. Lilienea kutoka mji wa Philadelphia katika miaka ya 1950 na 1960, na waliolitumia walikuwa askari polisi. Siku hiyo mji ulifurika watu na magari, askari hawakupewa mapumziko, na wao wakaiita nyeusi kwa uchovu na karaha. Wenye maduka hawakulipenda jina hilo. Mwaka 1961 walijaribu kulibadilisha wakaiita Ijumaa Kubwa, lakini halikushika. Ilipofika miaka ya 1980 ndipo yalipoenea maelezo mengine, kwamba nyeusi ni rangi ya wino wa faida katika daftari la mahesabu, ambapo wino mwekundu ni wa hasara. Maelezo hayo yanapendeza, lakini yalikuja baada ya jina, wala si asili yake.

Katika nchi za Kiarabu jina hilo liliwakera wengi. Mwaka 2014 duka la mtandaoni la Souq, lenye makao yake Dubai, lilianzisha mauzo ya aina hiyo hiyo, katika wakati huo huo, likayaita Ijumaa Nyeupe. Mwaka 2017 kampuni ya Amazon ya Marekani ikalinunua duka hilo, na Ijumaa Nyeupe ikaendelea. Nasi hatuna ugomvi na aliyechagua jina jema, kwani jina jema ni katika adabu. Hata hivyo tunauliza: ikiwa kilichobadilika ni rangi peke yake, na pupa ni ile ile, tumeitukuza Ijumaa kwa lipi?

Uingereza nayo ina siku yake. Tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Krismasi, huitwa Boxing Day. Jina hilo linahusishwa na visanduku vya zawadi na fedha ambavyo mabwana waliwapa watumishi wao, na wateja wakawapa wafanyakazi waliowahudumia mwaka mzima. Ilikuwa siku ya kutoa. Baadaye ikawa mashuhuri kwa foleni za alfajiri mbele ya maduka makubwa ya London. Kisha Ijumaa Nyeusi ikahamia huko pia, ingawa Waingereza hawana sikukuu ile ya shukrani. Kampuni ya Asda iliileta madukani mwake mwaka 2013. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Novemba 2014, polisi waliitwa katika maduka kadhaa ya Manchester, London na kwingineko kutuliza watu waliokuwa wakinyang'anyana televisheni. Mwaka 2015 Asda yenyewe ikatangaza kujitoa.

Yaliyotokea Valley Stream

Ndugu msomaji, kunyang'anyana televisheni kwaweza kutuchekesha. Lakini lipo tukio moja ambalo halichekeshi hata kidogo, na tunaona kila mzazi analipaswa alijue.

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2008, katika mji wa Valley Stream ulio jirani na jiji la New York, watu wapatao 2,000 walikusanyika nje ya duka la Walmart wakingoja lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Wengine walikuwa wamepanga foleni tangu jana yake, yaani siku ile ile ya kushukuru. Muda mfupi kabla ya kufunguliwa, umati ulisukuma milango mpaka ikavunjika. Mlangoni alikuwa amesimamishwa kibarua mmoja wa umri wa miaka 34, aliyeajiriwa kwa msimu wa sikukuu tu. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Umati ukamwangusha na kumpita juu yake. Wenzake waliojaribu kumfikia nao wakasukumwa na kukanyagwa. Mtu yule alifariki dunia asubuhi ile. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwamo mwanamke mjamzito. Na duka lilipotangaza kwamba linafungwa kwa sababu ya kifo hicho, wapo wanunuzi waliolalamika kwamba wamengoja foleni usiku kucha, wakaendelea kuchukua bidhaa.

Watu wale hawakuwa majambazi. Walikuwa akina baba na akina mama, wengi wao wenye kipato kidogo, waliotaka kuwapelekea watoto wao zawadi kwa bei wanayoiweza. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani kwake usiku ule akinuia kuua. Kila mmoja alisukuma kidogo tu, kwa sababu alisukumwa na aliyekuwa nyuma yake. Wahenga wetu walipotuambia tamaa mbele, mauti nyuma, huenda tulidhani mauti yanayotajwa ni ya mwenye tamaa peke yake. Kumbe yaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, ambaye hakuja kununua chochote, bali alikuja kutafuta riziki ya siku.

Mwaka 2009 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini iliitoza kampuni ile faini ya dola 7,000, na kampuni ikaipinga faini hiyo kwa miaka kadhaa. Waendesha mashtaka wa wilaya nao walifikia mapatano na kampuni, ikakubali kutenga dola 400,000 kwa ajili ya walioathirika na kuweka mpango wa kudhibiti umati katika maduka yake ya jimbo la New York. Idara ile ya usalama ikatoa mwongozo kwa wenye maduka wote: kuweka vizuizi vya foleni, kuwafundisha walinzi, kugawa namba kwa waliotangulia. Ni mambo mepesi, ambayo yangefanywa mapema yangeokoa roho ya mtu.

Tusije tukajifariji kwamba hayo ni ya Wamarekani. Mwezi wa Septemba 2004, mjini Jeddah, mji wa mahujaji, duka la samani la IKEA lilifunguliwa kwa ahadi ya vocha kwa watakaotangulia. Maelfu ya watu walifika. Mlango ulipofunguliwa, watu watatu walipoteza maisha katika msongamano. Waliokanyaga na waliokanyagwa waliishi katika mji ambao adhana husikika mara tano kila siku.

Msafara wa Madina

Wala si jambo geni katika historia yetu. Mwishoni mwa Suratul Jumua Mwenyezi Mungu (S.W.) anatukumbusha kisa cha watu walioona biashara wakaikimbilia, wakamwacha Mtume (S.A.W.) amesimama. Wanavyuoni wanaeleza kwamba Madina ilikuwa katika wakati wa dhiki ya chakula. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika hotuba ya Ijumaa, mara msafara wa bidhaa ukaingia mjini, na watu wakatoka mbio kuuwahi. Imepokewa kwamba waliobaki msikitini walikuwa watu 12.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, waliotoka hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wahitaji, na waliogopa kwamba bidhaa zitakwisha. Khofu hiyo ndiyo anayoitumia kila mwenye kutangaza leo anapoandika kwamba muda unakwisha. Pili, Mwenyezi Mungu (S.W.) hakuiharamisha biashara kwa sababu ya tukio lile. Sura hiyo hiyo imekwisha kuruhusu kwamba sala ikimalizika watu watawanyike wakatafute fadhila za Mola wao. Kilichokemewa ni kuuvunja utaratibu na kuisahau haki iliyo mbele yako kwa sababu ya mali inayopita.

Kwa hiyo kijana wetu tulimjibu hivi: kununua kitu cha halali kwa bei nafuu si dhambi, iwe Ijumaa au Jumatatu, maadamu hukuiacha sala kwa ajili yake. Muuzaji mpole na mnunuzi mpole wameombewa rehema na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Lakini punguzo la bei halipunguzi haki ya mtu mwingine. Hapo ndipo penye mpaka.

Tunao mfano ulio karibu na kila aliyejaaliwa kwenda Makka. Kulibusu Jiwe Jeusi ni sunna kubwa. Pamoja na hayo, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimnasihi Sayyidna Umar (R.A.), kwa kuwa alikuwa mtu mwenye nguvu, asisongamane na watu penye Jiwe akamuudhi mnyonge, akipata nafasi alishike, asipopata aelekee tu na kusema takbira. Wanavyuoni wetu wakatufundisha kwamba kulibusu ni sunna, na kumuudhi Muislamu ni haramu, na haramu haitendwi kwa ajili ya kuipata sunna. Basi ikiwa mbele ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu haturuhusiwi kumsukuma mtu ili tupate thawabu, tutaruhusiwaje kumsukuma ili tupate jokofu?

Bei imepungua kweli?

Sasa turudi kwa swali la mzee wetu. Mwenye duka hupunguza bei kwa sababu zinazofahamika. Sikukuu ikishapita, bidhaa za sikukuu hukosa wanunuzi, nazo zinachukua nafasi, zinalipiwa kodi ya pango, na fedha aliyoitia humo imefungwa. Akiziuza kwa faida ndogo, au hata kwa mtaji, anaipata fedha ya kuagizia nyingine. Punguzo la namna hii ni la kweli na lina kheri kwa pande zote mbili.

Liko punguzo la pili, ambalo ni la kuvutia watu. Duka huweka vitu vichache kwa bei ya kutupa, pengine kwa hasara, likajua kwamba watakaovikosa hawatarudi nyumbani mikono mitupu, bali watanunua vingine kwa bei ya kawaida. Bei hizo chache ndizo zinazowaleta watu alfajiri. Si uongo iwapo idadi yake imetajwa wazi. Lakini ikifichwa, ni kumfanya maskini akeshe kwa kitu ambacho hakipo.

La tatu ni punguzo la uongo: bei kupandishwa kwanza, kisha ikateremshwa na kupigwa mstari mwekundu. Nchini Uingereza, taasisi ya kutetea wanunuzi iitwayo Which? imekuwa ikifuatilia bei za Ijumaa Nyeusi mwaka baada ya mwaka, na imekuta kwamba vitu vingi vilivyotangazwa viliwahi kuuzwa kwa bei ile ile au chini yake katika nyakati nyingine za mwaka. Nchi za Umoja wa Ulaya zilichoshwa na hila hii, zikapitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika tarehe 28 Mei 2022. Sheria hiyo inamtaka mwenye kutangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku zisizopungua 30 kabla ya tangazo.

Tunapoisoma sheria hiyo tunafurahi, na pia tunaona haya. Tunaona haya kwa sababu Mtume (S.A.W.) aliwahi kuingiza mkono katika fungu la nafaka sokoni, akakuta chini kuna majimaji yaliyofichwa, akamkemea mwenye fungu kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Alikataza pia najshi, nayo ni mtu kujitia kuongeza bei bila nia ya kununua, ili mwingine adanganyike. Saa inayohesabu dakika kwenye simu, ambayo ikifika sifuri huanza upya, na maandishi yasemayo kimebaki kimoja ilhali ghala limejaa, ni vya ukoo mmoja na najshi hiyo.

Imamu Ghazali anasimulia habari za Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa nguo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na nguo za dirhamu 400 na nyingine za dirhamu 200. Alikwenda kusali, akamwacha mtoto wa nduguye dukani. Akaja bedui akataka nguo ya 400. Kijana akamwonyesha ya 200, naye akaipenda akainunua kwa 400 kwa ridhaa yake. Yunus akakutana naye njiani, akaitambua nguo, akamwambia kwamba haizidi 200. Bedui akajibu kwamba kwao ni 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali, alimrudisha dukani, akamrejeshea dirhamu 200, na kijana akamkemea vikali. Hili ndilo punguzo la watu wema: lilitolewa baada ya mteja kuondoka akiwa radhi, na hapakuwa na tangazo.

Tukumbuke vilevile kwamba mambo yamebadilika tangu maradhi ya Korona mwaka 2020. Maduka mengi makubwa ya Marekani yalianza kufungwa siku ya shukrani, na mauzo yakatawanywa katika majuma kadhaa na kuhamia mtandaoni. Msongamano wa milangoni umepungua, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini vurugu imeingia chumbani. Mtu hununua usiku wa manane akiwa peke yake, kwa fedha asiyokuwa nayo, kwa mkopo wa simu wenye riba, na kesho yake mkewe hajui kwa nini hapana fedha ya mkaa. Bei ilipungua kwa robo, riba ikaila robo hiyo na zaidi.

Hatuyasemi haya kwa kujitoa. Nyumbani kwetu kipo kisagio cha umeme kilichonunuliwa siku ya punguzo, na mpaka leo kimo ndani ya boksi lake, kwa kuwa nazi tunakuna kwa mbuzi kama tulivyozoea.

Sikukuu zetu wenyewe

Tumewasema Wamarekani na Waingereza, sasa tujiangalie. Nenda Kariakoo, nenda Darajani, nenda Mombasa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tuseme gauni la mtoto linauzwa shilingi 30,000 mwezi 28 Ramadhani. Basi usishangae kulikuta kwa shilingi 18,000 mwezi tano Shawwal, limetundikwa nje likipigwa na jua. Mjane mwenye watoto wanne aliyekuwa na shilingi 70,000 alirudi mikono mitupu kabla ya Idi. Baada ya Idi anaweza kuwavisha watatu na kubakiwa na chenji. Lakini Idi imeshapita, na watoto wake waliikwepa baraza ya watoto wenzao kwa aibu ya nguo kuukuu.

Mfanyabiashara mmoja, mcha Mungu na mtoaji mzuri, alitujibu tulipomweleza jambo hili. "Sheikh wangu," alisema, "wiki ile moja ndiyo inayolipa pango la mwaka mzima. Nikishusha bei wakati huo, nitafunga duka." Jibu lake tunaliheshimu. Bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) aziwekee kiwango, alikataa, akaeleza kwamba mwenye kupandisha na kushusha riziki ni Mwenyezi Mungu, na kwamba anataka kukutana na Mola wake hali ya kuwa hakumdhulumu yeyote. Kwa hiyo hatuiombi serikali imlazimishe mtu auze kwa hasara.

Tunachoomba ni ihsani, nayo iko juu ya uadilifu. Tuitazame Zakatul Fitri. Aliyeitoa kabla ya sala ya Idi, ni zaka iliyokubaliwa. Aliyeitoa baada ya sala, ni sadaka kama sadaka nyingine. Kiasi ni kile kile, mchele ni ule ule, na maskini ni yule yule. Tofauti ni saa chache tu, na sheria imezihesabu saa hizo, kwa sababu lengo ni maskini afurahi siku ile pamoja na wenzake, wala si siku nyingine. Punguzo la bei nalo tulipime kwa mizani hiyo. Linalokuja baada ya sikukuu linamfaa mwenye ghala. Linalokuja kabla yake linamfaa mjane.

Yawezekana? Nchini Qatar, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, wizara ya biashara hutoa orodha ndefu ya bidhaa zitakazouzwa kwa bei iliyopunguzwa mwezi mzima, kwa makubaliano na maduka makubwa. Sisi hatuna utajiri wa Qatar, lakini tunayo misikiti na tunao wafanyabiashara wanaoswali ndani yake. Mwenye duka asishushe bei zote. Atenge sehemu moja katika kumi ya nguo za watoto, aziuze kwa bei ya mwezi tano Shawwal, ila aziuze mwezi 15 Ramadhani. Maimamu wanawajua wajane na mayatima wa mitaa yao. Wagawe namba kimya kimya, kila mtu na siku yake, pasiwe na foleni ya kudhalilishana wala kamera ya kupiga picha.

Nasaha kwa familia

Kwa wazazi tuna maneno machache. Andikeni mahitaji ya nyumba kabla ya tangazo kufika, si baada yake. Ijueni bei ya kitu mwezi mmoja kabla, ili mtambue punguzo la kweli na la uongo. Msinunue kitu cha rahisi kwa mkopo wa riba, kwani hapo urahisi umekwisha. Mkiona dukani imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kikagueni kitu palepale. Na muuzaji naye ajue kwamba kasoro aliyoijua akaificha haifutwi na maandishi hayo mbele ya Mwenyezi Mungu. Na mkifika mahali mkaona watu wanasukumana, shikeni mikono ya watoto wenu mrudi nyumbani. Mtoto atakayeona baba yake ameacha kitu alichokitaka ili asimuumize mtu, amepata funzo litakalodumu kuliko kitu chenyewe.

Wiki iliyofuata kijana wetu alirudi darasani. Alitwambia alikifuatilia kile kitabu cha tafsiri alichokitaka, akaikuta bei yake siku ya punguzo ni ile ile ya mwezi wa Muharram. "Basi nikakinunua kwa mzee wa vitabu hapa nje ya msikiti," alisema. "Naye kanipunguzia mwenyewe, bila kuombwa."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kanaa katika nyumba zetu, baraka katika masoko yetu, na amghufirie kila aliyekufa akitafuta riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.